Doa Jeupe Katika Ramani ya Mbu
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia alinitaka nieleze kazi yangu serikalini. Nikaona kwamba kazi ya mtumishi wa serikali ikisimuliwa yote, tangu faili la asubuhi hadi faili la jioni, itawalaza watu, na hasa saa hizi ambapo tumekwisha kula ugali na maharage yale yale tuliyokuwa tukiyalalamikia zamani. Kwa hiyo nitashika kipande kimoja tu cha kazi hiyo, nacho ni uchoraji wa ramani ya mbu waenezao malaria.

Sikusema ramani ya malaria. Ramani ya malaria huonyesha watu wanaougua. Mimi nazungumzia ramani ya mbu wenyewe: ni mbu wa aina gani, yuko wapi, katika msimu gani, na amezaliwa katika maji ya namna gani. Naona wengine mnatabasamu. Shemeji yangu mmoja nilipomweleza kazi hii alisema, "Yaani serikali inakulipa mshahara uulize mbu wanakaa wapi? Njoo kwangu nitakuonyesha bure." Ni mzaha mzuri, na mimi mwenyewe hucheka. Lakini ndani yake kuna fikira ambayo imetugharimu sana, nayo ni kwamba mbu ni mbu, na kwamba wako kila mahali, basi hakuna haja ya kuuliza.

Tuanze na hilo la mbu ni mbu. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Mwingereza aitwaye Ronald Ross alipasua tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa wa malaria, akaona ndani yake vimelea vya ugonjwa. Mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia wakathibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles peke yao. Mbu wa chooni anayetupigia kelele sikioni usiku kucha hana hatia kwa jambo hili, ingawa ana hatia nyingine nyingi. Anopheles wenyewe duniani ni zaidi ya aina 400, na katika hizo ni 70 hivi tu zinazoweza kumwambukiza mtu malaria. Zilizo hatari kweli kweli hazifiki hata 50. Hapa kwetu Tanzania wakubwa ni watatu: Anopheles gambiae, Anopheles arabiensis na Anopheles funestus.

Naomba mvumilie hayo majina ya Kilatini, maana hawa watatu ndio hadithi yote.

Gambiae hupenda maji madogo, ya muda, yaliyopigwa jua: kwato za ng'ombe, alama za magurudumu ya lori, na yale mashimo tunayochimba udongo wa matofali kisha tukayaacha wazi. Humpenda binadamu kuliko mnyama yeyote, humfuata ndani ya nyumba, humuuma usiku mwingi, kisha hupumzika ukutani. Mvua ikikatika, naye hupungua. Arabiensis ni ndugu yake, anayestahimili ukavu zaidi. Huyu akikosa mtu hula ng'ombe, na mara nyingi huuma na kupumzika nje. Funestus ana tabia nyingine. Yeye hutaka maji ya kudumu, yenye majani, kando ya mabwawa, vinamasi na vijito visivyo na kasi. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, gambiae anapokuwa amepungua na watu wameanza kusahau chandarua, funestus anaendelea na kazi.

Mtaona sasa kwa nini mtu wa ramani anaingizwa katika jambo la madaktari. Ukifukia mashimo ya matofali kijiji kizima umemuumiza gambiae, lakini funestus aliyeko kwenye kinamasi hana habari. Ukipulizia dawa ukoko ukutani unamkomesha yule anayepumzika ndani, lakini arabiensis anayelala nje zizini anakutazama tu. Dawa ni ile ile, fedha ni zile zile, na matokeo ni tofauti kabisa kwa sababu hukuuliza kwanza ni nani mwenye nyumba.

Sasa lile gumu. Kumtambua Anopheles mwenyewe si kazi. Kijana yeyote wa kidato cha pili akionyeshwa mara moja anajua. Akitua hunyanyua mkia juu kama anayetaka kusimama kwa kichwa, na viluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji badala ya kuning'inia kichwa chini. Funestus naye, kwa darubini na uvumilivu, utamtenga na gambiae kwa mabaka ya mbawa na miguu. Lakini gambiae na arabiensis wanafanana kama mapacha, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuwatenga kwa hakika. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu waliwahesabu kuwa kitu kimoja. Waligundua tofauti walipowazalisha pamoja maabarani: watoto madume waliotoka hapo walikuwa tasa, kama nyumbu. Njia rahisi ya kuwatenga kwa kupima vinasaba ilikuja mwaka 1993. Tangu hapo mguu mmoja tu wa mbu, ukitiwa katika kichupa pamoja na chembechembe za kunyonya unyevu ili usioze, unatosha kumtaja mwenyewe kwa jina.

Maana yake ni kwamba kila ramani iliyochorwa nchini kabla ya ugunduzi ule, na iliyoandikwa "gambiae", haituambii ni pacha yupi. Wale wazee walifanya kazi nzuri sana, lakini nusu ya jina ilikuwa haijazaliwa.

Na tulikuwa na wazee hodari. Huko Amani na Muheza, mkoani Tanga, kulikuwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, ambayo warithi wake leo ni kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Katika miaka ya 1950 alikuwapo huko mtaalamu wa wadudu aitwaye Mick Gillies. Pamoja na Botha de Meillon wa Afrika Kusini, mwaka 1968 alitoa kitabu kikubwa cha Anopheles wote wa Afrika kusini mwa Sahara, ambacho wanafunzi wa fani hii walikitumia kwa miaka mingi.

Kuna tukio moja la wakati wa Gillies ambalo napenda kulisimulia kwa watu wanaodharau majina ya mbu. Kati ya mwaka 1954 na 1959 nyumba za Upare na Taveta, mpakani mwetu na Kenya, zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrin. Funestus akatoweka karibu kabisa. Baada ya muda, huko Pare ya Kusini, mbu wafananao na funestus wakaonekana tena, tena kwa wingi. Mtu asiyejua angesema dawa imeshindwa, funestus amerudi. Gillies na mwenzake walipowachunguza vizuri wakakuta si yeye. Alikuwa mbu mwingine wa ukoo ule ule aitwaye rivulorum, aliyejaza nafasi iliyoachwa, na ambaye hupenda wanyama kuliko watu. Tofauti ya ushindi na kushindwa ilikuwa katika alama ndogo mwilini mwa mdudu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa bonde la Kilombero. Watafiti wa Ifakara walichapisha mwaka 2017 matokeo ya vijiji vya Kilombero na Ulanga. Katika mitego arabiensis walikuwa wengi kuliko funestus. Ukihesabu vichwa tu ungesema adui ni arabiensis. Walipopima nani amebeba vimelea, wakaona funestus, aliye wachache, ndiye aliyehusika na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizo. Kwa hiyo ramani ya wingi wa mbu peke yake nayo haitoshi.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye wengi hapa mlionja fimbo yake kwa kosa la kusahau kaskazini, alikuwa na neno moja: ramani isiyo na ufunguo ni picha tu. Mimi nimeongeza la kwangu kazini. Ukipewa ramani yoyote ya viumbe, kabla ya kutazama palipo na alama, tazama pasipo na alama, uulize kwa nini hapana.

Mwaka 2017 kundi la watafiti waliokuwa Nairobi, akiwamo Robert Snow, walikamilisha kazi ya kukusanya kila kumbukumbu waliyoweza kuipata ya Anopheles kusini mwa Sahara tangu mwaka 1898 hadi 2016. Walichimba ripoti za wakoloni, majarida, na makaratasi ya maktaba yaliyokaribia kuliwa na mchwa. Wakapata mahali zaidi ya 13,000, kila mahali pamewekwa kwenye ramani kwa vipimo vyake. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini ukiitazama ramani ya namna hii kwa upande wa nchi yetu, macho yanakwenda penyewe palipo na vituo vya utafiti: Muheza, Bagamoyo, Ifakara, Moshi, pembezoni mwa Ziwa Victoria. Alama zinafuata barabara, reli na maabara. Ni kama mbu wetu walisoma ratiba ya treni wakaamua kukaa karibu na stesheni! Ukija huku magharibi, katika vilima vya Uha, alama zinapungua, na weupe unaongezeka.

Weupe ule hausemi kwamba hakuna mbu. Unasema kwamba hakwenda mtu. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo, lakini katika karatasi yana rangi moja.

Tena hata zile alama chache za zamani zina mashaka yake, na hapa naomba wana-Kibondo wanisikilize. Kumbukumbu ya zamani iliyoandikwa "Kibondo" inaweza kuwa ya mahali popote katika wilaya ambayo ilikuwa kubwa mno. Gwarama, mathalani, ilikuwa Kibondo hadi Kakonko ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Isitoshe, kijiji kilichotajwa huenda hakipo. Mnajua kwamba mkoa wetu ulikuwa wa mwanzo katika kuhamishia watu vijijini, katika ile Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu walihama na majina yao. Kuna kijiji kimeandikwa katika ripoti, nawe unakwenda na kifaa chako cha GPS mpaka mahali ramani ya zamani inaposema, unakuta miti ya miombo, mzinga wa nyuki mtini, na labda mwembe mmoja mzee unaoonyesha kwamba paliwahi kukaa watu. Kijiji chenye jina lile kiko mbali na hapo, kando ya barabara. Je, mbu wa mwaka ule tumwandike wapi? Nilijifunza hapo kwamba kabla ya kumuuliza mtaalamu wa wadudu, yafaa umuulize mzee wa ukoo.

Yupo atakayesema: lakini kwetu ni milimani, kuna baridi, malaria ni ya Kigoma mjini na ya Uvinza. Nami nilikua nikisikia hivyo. Kuna ukweli ndani yake, nao unahesabika. Kimelea cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu hakimuambukizi mtu siku hiyo hiyo. Lazima kwanza kikue, na kukua kwake kunategemea joto. Kanuni inayotumika ni rahisi, na vijana wa hesabu wanaweza kuinakili: chukua 111, ugawe kwa joto la wastani ukiondoa 16. Joto likiwa nyuzi 25, kimelea huhitaji siku 12 hivi. Likiwa nyuzi 20, siku 28. Likiwa nyuzi 18, siku 55 na zaidi, na ni mbu wachache sana wanaoishi hata mwezi mmoja. Mbu anakufa kimelea hakijaiva. Joto nalo hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Heru Juu vinapita mita 1,500. Kwa hiyo kupanda huko ni kupanda kweli.

Lakini vilima vyetu si Kilimanjaro. Vinafika pale ambapo kimelea kinachelewa, havifiki pale ambapo kinashindwa. Aidha, kimelea hakikui katika hewa ya kituo cha hali ya hewa, hukua ndani ya mbu aliyepumzika katika nyumba yenye jiko la kuni, ambamo usiku mna joto kuliko uwanjani. Na mabonde yetu yana maji. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulipopima damu za watoto wa chini ya miaka mitano, nchi nzima ilikuwa na asilimia 7 wenye vimelea. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na asilimia 24, wa kwanza nchini. Karibu mtoto mmoja kwa kila wanne! Mkoa ulioongoza kwa watoto wenye vimelea ndio mmojawapo wa mikoa ambayo ramani ya mbu ilikuwa na weupe mwingi.

Sitaki kulitaja hili kama takwimu tu. Wenzangu wa mwaka wangu wanamkumbuka yule kijana wa bweni letu, golikipa, aliyekwenda kwao likizo ya Desemba na shule ilipofunguliwa Januari kitanda chake kikabaki na godoro lililokunjwa. Homa ya siku nne. Wakati ule tulikuwa tukinywa klorokwini, ile chungu iliyokuwa ikituwasha mwili mzima, ambayo serikali iliiacha mwaka 2001 kwa kuwa ilikuwa imekwisha nguvu. Kitanda kile kilikaa wazi muhula mzima, hakuna aliyetaka kukihamia.

Basi, Gwarama. Mama yangu ni wa huko, kwa hiyo nilipoona katika orodha ya kazi kwamba kuna vijiji vya Buyungu vinahitaji kutembelewa, sikuhitaji kushawishiwa. Nilifuatana na afisa afya na vijana wawili wa maabara. Mimi kazi yangu ilikuwa vipimo vya mahali, miinuko, na kuandika kila chanzo cha maji. Wao kazi yao wadudu.

Njia yenyewe ya kukamata ni hii. Jioni unatundika mtego wa taa, wenye kipanga-boi kidogo cha betri, upande wa miguu wa kitanda ambacho mtu atalala ndani ya chandarua kizima. Mbu anavutwa na harufu ya mtu, anazuiwa na chandarua, anaiona taa, ananyonywa na upepo hadi mfukoni. Alfajiri unakusanya. Katika nyumba nyingine unakwenda asubuhi, unatandaza mashuka meupe sakafuni, unafunga milango, unapuliza dawa, unasubiri dakika 10, kisha unaokota walioanguka kwa kibanio. Zamani watu walijitolea kukaa usiku kucha wamekunja suruali ili wawakamate mbu wanaotua miguuni mwao. Nawaheshimu, lakini nafurahi kwamba nilizaliwa baadaye.

Nyumba ya tatu tuliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwenye wajukuu wanne. Alisikiliza maelezo yetu yote, kisha akauliza, "Mwanangu, hao mbu mkishawakamata mnakwenda nao wapi?"

Nikamwambia, "Wanakwenda maabara, bibi, wakapimwe."

"Na majibu mtaniletea?"

Yule afisa afya alinitazama, nami nikamtazama. Nikasema tutayaleta kwa mwenyekiti wa kitongoji. Bibi akasema, "Wa kwanza walichukua damu ya watoto hawa, hawakurudi. Ninyi mkirudi nitawaua kuku." Akatufungulia mlango wa chumba. Naweza kuwaambia kwamba majibu yalipelekwa, na kuku alichinjwa. Lakini swali lake lina haki. Ramani nyingi zimechorwa kwa damu na mbu wa watu ambao hawakuwahi kuiona hiyo ramani.

Mchana tulitembea mabondeni na vile vikombe vyeupe vyenye mpini tunavyochotea maji. Mlimani, juu, palikuwa pakavu na hatukupata kitu cha maana. Bondeni, umbali wa kutembea robo saa tu, mambo yalibadilika: mashimo ya matofali yenye maji ya jua, yaliyojaa viluwiluwi vilivyolala sambamba na maji, na chini zaidi, kandokando ya kijito chenye majani marefu kati ya mashamba, viluwiluwi vya namna nyingine katika kivuli. Ndani ya kijiji kimoja, chini ya mwenyekiti mmoja, palikuwa na maji ya gambiae na maji yanayomfaa funestus, na nyumba za juu ambazo huenda haziwaoni wote wawili kwa wingi. Hilo ndilo jambo la vilima vyetu. Katika tambarare unaweza kupima mahali pamoja ukakadiria kilomita kumi. Huku kwetu ukivuka mgongo mmoja wa kilima umeingia nchi nyingine ya mbu.

Na hapo ndipo ninapogombana, kwa heshima, na ramani za rangi. Mmeziona zimetundikwa maofisini: nchi nzima imepakwa kijani, njano na nyekundu bila hata pengo moja. Nzuri sana kwa macho. Mwaka 2010 wataalamu wa mradi wa atlasi ya malaria, uliokuwa Oxford, walitoa ramani za namna hiyo kwa mbu wakuu wa Afrika. Kompyuta huchukua mahali palipopimwa, hutazama mvua, joto, mwinuko na uoto wake, kisha hukisia pasipopimwa. Si uongo, wala si kubahatisha. Ni makisio ya kitaalamu, na waliozichora huandika wazi kwamba ni makisio. Lakini karatasi ikishatundikwa ukutani, mkuu wa idara haoni maandishi madogo. Anaona Gwarama ina rangi, anasema Gwarama inajulikana. Weupe ulikuwa angalau na uaminifu wake. Kama ningekuwa na mamlaka, kila ramani ya rangi ingepigwa alama nyeusi mahali palipokwenda miguu ya watu, ili anayegawa fedha aone ni nini kimepimwa na nini kimekisiwa.

Maana fedha zinagawanywa kwa ramani hizo. Vyandarua vya leo si vya aina moja. Katika Muleba, jirani zetu wa Kagera, mbu walikuwa wamezizoea dawa za kawaida za vyandarua. Majaribio yaliyofanyika huko, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali iitwayo PBO, inayovunja ule uzoefu wa mbu, viliwakinga watoto vizuri zaidi kuliko vya kawaida. Vyandarua hivyo ni ghali zaidi, kwa hiyo ni lazima uchague pa kuvipeleka. Utachaguaje kama hujui mbu wa pale ni yupi na amezoea dawa ipi? Mahali pasipojulikana hupewa cha kawaida, na kama cha kawaida hakifai, hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyepima.

Nisieleweke kwamba hakuna kinachofanyika. Serikali, kwa mpango wake wa kudhibiti malaria pamoja na NIMR, imekuwa ikipima mbu katika halmashauri zilizochaguliwa, na taarifa ya miaka 2017 hadi 2021 imekwisha kuchapishwa. Lakini ni halmashauri zilizochaguliwa, si zote, na katika kila halmashauri ni vijiji vichache. Jambo jingine linaloniudhi ni mpaka. Ramani yetu inaishia Burundi kama kwamba hapo pana ukuta, ng'ambo pameachwa peupe. Mtu wa Gwarama anakwenda mnadani, ndugu yake wa ng'ambo anakuja harusini, na mbu hana pasipoti.

Wala kazi hii haina siku ya kwisha. Mbu wa mijini wa Asia aitwaye Anopheles stephensi, anayezaliana katika matangi na mapipa ya maji, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kwamba amefika kwao. Ramani ambazo hazikumtaja zilikuwa sahihi siku zilipochorwa.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni la kikazi. Wengi wenu hapa ni walimu wakuu, watendaji wa kata, waganga wafawidhi, na nimemwona hata diwani mmoja pale nyuma akijificha. Timu ya mbu ikifika kwenu, mambo matatu yatatusaidia. Tupeni mzee anayejua kijiji kilikuwa wapi kabla ya mwaka 1972. Tupelekeni bondeni pia, msituonyeshe zile nyumba nzuri za barabarani tu. Na mtudai majibu, kwa barua, kwa tarehe, kama yule bibi. Shule hii nayo ina maabara ya Baiolojia, ina darubini, na ina bonde pale chini ya uwanja wa mpira ambalo sote tunalijua, maana ndiko mipira ilikopotelea. Nimekwisha kuzungumza na Mkuu wa Shule. Vijana wa kidato cha tano wataanza kuchota maji yale kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na vikombe sita vya kuchotea viko kwenye gari langu.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa nisipite nusu saa, na naona mtunza saa amesimama. Kama kuna maswali niko tayari.